Jumapili ya Waliotutangulia

Huruma,
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Tiffany,

Natumaini hamjambo huko Njiru na kwamba rangi ya nyumba mpya imekauka. Sisi tupo tu. Barua hii anakuletea Triza wangu, maana duka analofanyia kazi liko karibu na kwenu. Usishangae kwamba sikupiga simu. Siku hizi simu naiogopa. Ikilia naikumbuka siku ile, halafu nikianza kuongea nalia, na mtu wa upande wa pili hasikii ninachosema. Kwenye karatasi naweza kusimama kidogo, nikapangusa uso, kisha nikaendelea.

Tangu tumzike Griffins kule Vihiga sijaingia kanisani Bethania. Wengine wanasema nimemwacha Mungu. Sijamwacha. Ni lile geti. Nikifika kwa Shitanda anayeshona viatu, nikiliona upande wa pili wa barabara, miguu inakataa. Ndipo alipoangukia mwanangu kwa risasi siku ya maandamano, mgongo kwenye geti la kanisa lake mwenyewe. Wakati mwingine nawaza kwamba kama siku hiyo kungekuwa na mtu ndani, angefunguliwa. Halafu najiambia, Khavere, ilikuwa siku ya kazi, nani angekuwa kanisani?

Nina ombi moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba ni Jumapili ya Waliotutangulia. Wewe ndiwe msomaji, mwaka wa tisa sasa. Nataka jina la Griffins lisomwe pamoja na majina ya waumini wengine waliotutoka mwaka huu, na mimi nisimame likisomwa, kama jamaa wanavyosimama. Sitaki kitu kingine kwa kanisa. Siku hiyo nitailazimisha miguu.

Najua alikuwa chini ya nidhamu. Ulikuwepo mwezi wa nne, Mheshimiwa mbunge wetu alipopewa kipaza sauti katikati ya ibada, Griffins akaweka vijiti vya ngoma chini, akatoka nje na wenzake wanne. Wazee wakamwondoa kwenye ngoma na kumweka kiti cha nyuma miezi sita. Jioni hiyo nilimgombeza sana. Akaniambia, "Mathe, Mheshimiwa akitudanganya anapewa madhabahu. Sisi tukiuliza swali tunapewa kiti cha nyuma. Hiyo ni Biblia gani?" Nikamwambia Pasta Wafula ni baba yake wa kiroho, afunge mdomo. Akala ukoko wa ugali. Ukoko aliula hata akiwa amekasirika.

Nimehesabu. Miezi sita inakwisha tarehe kumi na tatu Oktoba. Hata angekuwa hai, kufikia Novemba angekuwa amerudi kwenye ngoma zake.

Nisalimie mumeo, Mzee Kiarie.

Wako katika Bwana,
Mama Griffins


Njiru,
19 Septemba 2025

Mama Triza mpendwa,

Triza alinikuta nikibishana na mtu wa maji. Maji ya kisima cha huku yana chumvi, nikipika chai Tiffany ananiuliza kama ni mchuzi. Lakini ni kwetu, tunashukuru. Nilifurahi kuona mwandiko wako. Nilikumbuka jinsi ulivyokuwa ukituandikia orodha ya zamu za akina mama, herufi zimesimama kama watoto wa shule.

Ombi lako nimelipokea. Nitaongea na Mzee, maana yeye ndiye katibu wa Kamati ya Wazee, lakini usiwe na haraka. Siku hiyo hiyo ya tarehe mbili Novemba Mheshimiwa atakuwa mgeni wetu. Anakuja kutusaidia na paa, na wewe unajua mvua ya mwaka jana ilivyotulowesha. Pasta hataki siku hiyo iwe na maneno. Amehubiri Jumapili tatu mfululizo kuhusu kutii wenye mamlaka. Anasema vijana wetu wamepata mungu mwingine ndani ya simu, na kwamba nchi hii itaponywa na magoti, si na mabango. Sisemi Griffins alikuwa hivyo. Nakuambia tu upepo uko upande gani.

Kuhusu siku ile, usijitese. Kanisa lilikuwa tupu, ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa huku Njiru kutwa nzima naangalia mafundi wakiweka madirisha. Hakuna aliyejua.

Kula, dada. Triza amesema unakunywa chai tu.

Wako,
Mama Tiffany


KANISA LA BETHANIA, HURUMA
Ofisi ya Kamati ya Wazee
5 Oktoba 2025

Kwa Dada Khavere,

Salamu katika jina la Bwana.

Kamati ilijadili ombi lako kwa maombi na kwa upendo. Imeonekana kwamba majina yanayosomwa Jumapili ya Waliotutangulia ni ya washirika kamili. Marehemu Griffins Kisia alilala akiwa chini ya nidhamu. Muda wa nidhamu huhesabiwa kwa mahudhurio ya mshirika mwenyewe katika kiti cha nyuma, na marehemu hakukamilisha mahudhurio. Kwa hiyo Kamati haina njia ya kumrudisha.

Tunakuombea faraja, na tunakukaribisha katika ibada hiyo ya pekee, ambapo tutakuwa na mgeni wa heshima.

Ni mimi mtumishi wenu,
Mzee Bedan Kiarie
Katibu


Huruma,
9 Oktoba 2025

Mama Tiffany,

Nimepata barua ya Mzee. Nimeisoma mara nyingi kwa sababu kila mara nadhani nimekosea mstari. Hakukamilisha mahudhurio. Nimekaa na maneno hayo tangu Jumatatu. Nilikuwa nafua soksi zake. Ndiyo, bado nazifua. Alikuwa na jozi moja ya kijivu ambayo ilitoboka kwenye kidole gumba, akaishona kwa uzi mwekundu kwa sababu hakupata mwingine, akawa anatembea kwa nyumba akiniambia, "Mathe, angalia, nimepaka rangi kucha."

Mzee simlaumu. Yeye huandika yaliyosemwa.

Kuna jambo dogo niliona kwenye barua yako. Uliniita Mama Triza. Miaka ishirini na miwili umeniita Mama Griffins, hata mtoto wangu wa pili alipozaliwa hukubadilisha. Wengi wameanza kuniita Mama Triza tangu msiba, nadhani wananionea huruma. Lakini wewe sikutarajia.

Na jambo jingine. Juzi nililazimisha miguu mpaka kwa Shitanda, ili nizoee kuliona geti kabla ya Novemba. Alinipa kile kiti chake cha wateja. Unamjua na mdomo wake. Aliniambia, "Shemeji, viatu vyako vimeisha upande mmoja, unatembea kama mtu anayeenda kukopa." Nikacheka kidogo. Halafu akapiga msumari, akaniambia bila kunitazama, "Siku ile kulikuwa na mtu ndani ya kanisa. Nilikuwa nimelala chini ya meza yangu hapa, naogopa risasi. Nilimwona kupitia nafasi ya geti. Mama mmoja, amefunga leso ya kijani. Walisemezana na kijana wako. Nimekaa na hii kitu miezi, shemeji, inanila."

Leso za kijani za akina mama wa Bethania tuko nazo ishirini na sita. Orodha ya zamu za funguo niliiandika mimi, na nakala iko kwenye droo. Sijaifungua droo. Nimeona afadhali nikuulize wewe kwanza, kwa sababu sitaki kuambiwa na karatasi.

Zamu ya siku ile ilikuwa ya nani?

Mama Griffins


Njiru,
15 Oktoba 2025

Mama Griffins,

Ilikuwa yangu.

Nimeandika mstari huo na kuuacha siku mbili. Mzee hajui kwamba nakuandikia. Sikuwa Njiru. Madirisha yaliwekwa wiki nyingine. Nilikuwa nimeenda kufagia na kumwagia maua maji, na makelele yalipoanza nilijifungia, nikakaa kwenye benchi la karibu na geti, funguo zikiwa mkononi. Nilikuwa nikiomba. Kuomba niliomba, hilo si uongo.

Alikuja akikimbia. Hakupiga kelele. Uliwalea vizuri, hata siku hiyo alibisha kwanza. Akasema, "Mama Tiffany, ni mimi, Griff. Fungua kidogo tu, nipite." Nilimwona jicho na kipande cha shati. Nikamwambia, "Zunguka nyuma, mwanangu, nimekatazwa kufungua huku." Mama Griffins, nyuma hakuna mlango. Wewe unajua nyuma kuna ukuta peke yake. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka tu aondoke mbele ya macho yangu bila mimi kumwambia hapana. Naye akajibu, "Sawa, auntie." Akageuka kuangalia upande wa nyuma. Ndipo.

Geti sikulifungua hata baada ya hapo. Nilisubiri mpaka sauti zikaisha.

Hilo ndilo nililokuficha. Kuna jingine, na hili nilitaka kulificha mpaka kufa kwangu, kwa ajili yako. Lakini sasa umeanza kuuliza, na nakala za kumbukumbu za mkutano ziko ofisini, mtu yeyote anaweza kukuonyesha kwa ubaya. Afadhali mimi.

Niliposema nimekatazwa, nilikuwa nimekatazwa kweli. Jumapili iliyotangulia Kamati ilikutana na viongozi wa akina mama. Kumbukumbu zinasema hivi, nimezinakili: "Ilipendekezwa na Mzee Kiarie kwamba siku za maandamano geti la kanisa lifungwe na lisifunguliwe kwa mtu yeyote, awe mshirika au asiwe. Iliungwa mkono na Dada Khavere. Ikapitishwa."

Sijui kama unakumbuka. Nadhani hukumbuki.

Sikuombi msamaha, kwa sababu nikikuomba utanipa, wewe ni mtu wa hivyo, na mimi sitajua niuweke wapi. Nitafanya kitu kimoja. Kitabu cha majina kinakaa kwangu. Nitaliandika jina lake kwa mkono wangu na nitalisoma, Kamati ikubali au isikubali. Wakinivua leso, wanivue.

Wacera


Huruma,
22 Oktoba 2025

Mama Tiffany,

Nakumbuka.

Mwanzoni sikukumbuka, nikasema moyoni kwamba umenisingizia. Nililala na wazo hilo na lilinipa usingizi mzuri, usiku mmoja. Asubuhi nikiwa nakoroga uji yakanirudia yote. Mkutano ulikuwa umerefuka. Chapati zilikuwa zinapoa kwenye ofisi, na mimi ndiye niliyezipika. Mzee Kiarie akapendekeza. Hakuna aliyetaka kuinua mkono. Pasta akasema, "Tunahitaji mtu wa kuunga, ndugu zangu, tusilale hapa." Akanitazama mimi. Huwa ananitazama mimi. Miaka yote hiyo, jambo likikosa wa kuliunga mkono, naliunga mimi, ili watu wakale. Nimeunga rangi ya mapazia. Nimeunga safari ya Naivasha. Mkono wangu ulikuwa unapanda wenyewe.

Na nilifikiria kitu, Mama Tiffany. Sikuinua bila kufikiria. Nilifikiria ngoma. Nilisema moyoni, vijana wa mtaani wakiingia humu wataiba ngoma, na Griffins akirudi kutoka kwa kiti cha nyuma hatakuta kitu cha kupiga.

Triza hajui. Nimemficha. Ananiuliza kwa nini siku hizi nakula kwa mkono wa kushoto, nikamwambia wa kulia umekaza mshipa.

Wewe ulikuwa na funguo, lakini neno ulilomwambia mwanangu lilitoka kwangu. Kwa hivyo usilie kama mtu aliye peke yake. Sijui kama hiyo ni faraja. Sina nyingine.

Kuomba siwezi tena. Napiga magoti, nafika kwa "Baba yetu" halafu nakumbuka kwamba hata Kamati walifungua mkutano ule kwa maombi, na ni mimi niliyeombwa niombe. Niliomba Mungu aongoze maamuzi yetu. Nasubiri mtu aniambie aliongoza au hakuongoza. Nikisema aliongoza, nimemchukia. Nikisema hakuongoza, basi nilikuwa nikiongea na dari.

Soma jina lake. Nitakuja. Nitavaa ile nguo ya bluu, ukiinua macho utaniona kule nyuma, kiti kilichokuwa chake.

Mama Griffins


Njiru,
3 Novemba 2025

Mama Griffins,

Ulikuwepo. Ulisikia yote. Lakini nataka ujue yaliyokuwa upande wangu, kule mbele.

Jina niliandika. Baada ya Mzee Adongo na kabla ya Mama Wanza, wino mweusi kama mengine, Griffins Kisia, miaka ishirini na mitatu. Kusoma kulipangwa saa nne. Saa nne Pasta akaninong'oneza kwamba Mheshimiwa yuko karibu, tungoje afike, ili aheshimu wafu wetu pamoja nasi. Alifika saa tano na nusu. Ulimwona, na watu wake, na jinsi kwaya ilivyoanzishwa upya. Akapewa kipaza sauti. Akasema nchi inapotea kwa sababu vijana hawaogopi Mungu, na watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshika kitabu, kwa hivyo sikupiga. Lakini kama ningekuwa sijashika kitabu, sijui.

Alipomaliza saa saba ilikuwa imekaribia. Nikasimama. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, Mama Griffins. Nikafungua kitabu. Jamaa wote wakasimama tayari. Ndipo Pasta akaja kando yangu na kusema kwa wote, akitabasamu, "Kwa sababu ya muda, na kwa sababu mgeni wetu ana safari, tutaomba majina haya yachukuliwe kuwa yamesomwa." Kama kumbukumbu za mkutano uliopita. Wafu wa mwaka mzima. Watu wakasema amina, wakakaa.

Wewe ukabaki umesimama.

Nilikuwa na pumzi ya jina moja. Lilikuwa hapa mdomoni. Mzee akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, wala hakuninyang'anya, alinyoosha tu kama mtu anayeomba chumvi mezani. Na nikampa.

Sasa ni mara mbili.

Nilimwona dada wa mapokezi akija kukuinamia akuambie ukae. Nikaona unamjibu. Nimekesha nikijiuliza ulimjibu nini. Nakuja Huruma Jumamosi. Nifungulie hata kama hutaki kuongea.

Wacera


Huruma,
7 Novemba 2025

Wacera,

Usije Jumamosi. Si kwa hasira. Nimeitafuta hasira nyumba nzima sijaipata, na nadhani ingenisaidia.

Yule dada nilimwambia, "Bado hatujafikiwa." Akaniangalia kwa huruma, akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Nikayanywa nikiwa nimesimama.

Jana mchana nilirudi. Geti lilikuwa wazi kabisa, limeegemezwa jiwe, kwa sababu mafundi wameanza kuweka paa na lori linaingia na kutoka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaingia mpaka mbele, pale unaposimama wewe. Ngoma zimefunikwa turubai zisipate vumbi. Nikasema jina nitalisoma mwenyewe, yaishe. Nikalisoma. Griffins Kisia, miaka ishirini na mitatu. Sauti yangu haikukatika, ungeshangaa.

Halafu nikatazama viti. Ilipaswa mtu asimame, na mtu huyo ni mimi, na mimi nilikuwa huku mbele nasoma. Nikashuka haraka nikaenda mpaka kiti cha nyuma, nikakaa, ili nisimame jina likisomwa. Nikangoja.

Fundi mmoja akaniona kutoka juu, mahali mabati ya zamani yameng'olewa. Akaniita, "Mama, umepoteza kitu hapo?"

Nikamwambia hapana. Akaendelea kugonga.

Khavere